Mazungumzo juu ya Mlozi, na juu ya Miti na Bustani za Nyumbani katika Kibera na Kawangware

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyosomwa na mwanachama wetu, bwana shamba mstaafu, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka. Yamechapwa katika kitabu hiki kwa agizo la mkutano.)



Kamati imeniomba nizungumze juu ya jambo lililoandikwa katika ajenda kuwa "Miche ya Milozi". Wote mnajua jambo hili lilivyoanza. Mwaka huu Chama kiliweka fedha kando kwa ajili ya bustani za wanachama, na haukupita muda akafika muuzaji mwenye picha nzuri za miti iliyojaa maua meupe. Alitutaka tununue miche 200, mia kwa tawi la Kibera na mia kwa tawi la Kawangware, akaahidi kwamba baada ya miaka 3 kila nyumba itavuna lozi za kuuza katika maduka makubwa ya mjini. Bei aliyoitaja ingeumaliza mfuko wote. Wanachama wengi walipendezwa, nami siwalaumu, maana kilo moja ya lozi dukani hushinda bei ya kilo kadhaa za njugu karanga. Hata hivyo Kamati iliona afadhali kwanza aulizwe mtu aliyeifanya kazi ya ubwana shamba. Jibu langu nitalitoa mapema, ili yeyote asiyekuwa na nafasi ya kukaa mpaka mwisho asirudi nyumbani na shaka: fedha zetu zisinunue mlozi hata mmoja.

Sasa yanipasa kueleza sababu zangu, na tena kueleza ni kitu gani kinachofaa kununuliwa badala yake.

Kwanza tuujue mti wenyewe, kwa kuwa jina moja hapa limebeba miti miwili. Mlozi wa kweli ni ndugu wa mpichi na mplamu. Jani lake ni refu, jembamba, lenye meno madogo pembeni, na linafanana mno na jani la mpichi hata mche mdogo hautambulikani kwa jicho. Huko Pwani kuna mti mwingine, mkungu, ambao vitabu vya kigeni huuita mlozi wa Kihindi. Mkungu hauna undugu na mlozi. Matawi yake hutandaa kama ngazi za mwavuli, jani lake ni pana kuliko kiganja cha mtu mzima, na kabla ya kuanguka hugeuka jekundu. Watoto wa Mombasa na Lamu hupasua kokwa zake kwa mawe wakala kiini, nacho ni kitamu. Kati ya miche ya mfano tuliyoachiwa, mmoja ni mkungu bila shaka yoyote. Mkungu ni mti wa nchi tambarare yenye joto na hewa ya bahari. Ukipandwa Kawangware hudumaa, na Julai ikifika huonekana kama mgeni aliyesahau koti lake. Kwa hiyo jambo la mlozi lina hatari mbili: kuuziwa mti ambao sio, na kuuziwa mti ambao ndio.

Hatari ya pili ndiyo inayohitaji maelezo, kwa sababu hata muuzaji mwaminifu angetuletea milozi ya kweli tungekuwa na hasara ile ile. Mlozi ni mti wa nchi zenye majira ya baridi. Asili yake ni Uajemi na nchi za jirani. Neno lozi limetoka katika Kiarabu, likaletwa kwetu na wafanyabiashara wa baharini pamoja na lozi zenyewe. Wale wenye jamaa zao Oman huenda wamesikia habari za Jabal Akhdar, mlima wenye mashamba ya ngazi kwenye kimo cha mita 2,000 hivi. Huko milozi huota pamoja na mikomamanga na mipichi, kwa kuwa usiku wa Januari baridi hukaribia kugandisha maji. Siku hizi sehemu kubwa kabisa ya lozi za dunia, kama robo tatu au zaidi, hutoka California katika Marekani, nchi yenye baridi wakati wa kulala mti, na jua kavu wakati wa kuiva matunda.

Nimesema kulala, nalo si neno la mzaha. Majani ya mlozi yakipukutika, vichipukizi vyake hufunga kabisa, na haviamki mpaka vimepata saa za baridi za kutosha. Kwa aina nyingi saa hizo ni mia kadhaa, tena ni saa za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Je, sisi tuna saa ngapi? Kawangware iko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi, na Kibera iko chini yake kidogo. Katika Julai, mwezi tunaojifunika mablanketi mawili, usiku wa kawaida hushuka mpaka nyuzi 11 au 12 tu. Usiku wa nyuzi 7 huja kwa nadra, ukaondoka kabla ya mapambazuko kwisha. Watu huniambia, "Lakini Nairobi ni baridi, bwana shamba." Ni baridi kwa mtu, kwa mlozi si baridi. Basi mti wetu haungelala vizuri wala haungeamka vizuri. Ungetoa majani machache tawi hili, ua moja tawi lile, mwaka baada ya mwaka, na mwenyewe angeendelea kuutilia maji akiamini kwamba mwakani utazaa.

Hayo peke yake yatosha, lakini nitaongeza mawili kwa kifupi. Aina nyingi za mlozi haziwezi kujichavusha. Sharti aina ya pili iwe karibu, na nyuki wapite kati yao. Huko California kila Februari mizinga zaidi ya milioni moja hubebwa kwa malori kwa kazi hiyo tu. Nani kati yetu ataweka mzinga Gatwekera, ambako mlango wa jirani uko hatua tatu kutoka mlango wako? Jambo la pili ni la usalama. Mlozi uliotokana na mbegu waweza kuzaa lozi chungu, na lozi chungu huwa na sumu ya sianidi, ambayo kwa mtoto mdogo ni hatari kubwa. Nimesikia baadhi ya wanachama wakisema watanunua lozi za kula dukani wazipande wenyewe ili kuepuka gharama. Nyingi kati ya hizo zimekaangwa au kupitishwa kwenye mvuke na hazioti. Na ile itakayoota haina dhamana ya utamu.

Nikiyamaliza hayo ya mlozi, nageukia swali ambalo muuzaji hakulitaja, nalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko baridi na nyuki. Mti wowote tutakaoupanda utasimama juu ya ardhi ya nani?

Katika mila nyingi za nchi hii, mtu aliyeazimwa shamba huruhusiwa kupanda mahindi na maharagwe, lakini hapandi mti. Wazee walijua wanachokikataza. Mahindi huondoka baada ya miezi michache. Mti hukaa, na aliyeupanda akikaa nao miaka 20 huanza kusema "kwangu". Huko Pwani walilitatua jambo hili kwa njia nyingine: mtu aliweza kumiliki minazi, au hata nyumba, na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mtu mwingine, kila mmoja akajua haki yake. Sisi wa Nairobi hatuna desturi moja wala nyingine. Mwenye ploti akimwona mpangaji akichimba shimo la futi mbili, hufikiri ni msingi wa kesi. Nimepata kuona mparachichi wenye umri wa miaka 4, uliokuwa umebeba maua yake ya kwanza, ukikatwa asubuhi moja kwa sababu mwenye ploti amepata fedha za kujenga vyumba vingine sita. Mpangaji hakuwa na karatasi, na hakuwa na la kusema.

Hapa ndipo matawi yetu mawili yanapotofautiana, wala haifai kuyapimia kwa kibaba kimoja.

Kawangware ilikuwa sehemu ya nchi ya Dagoretti, mashamba ya familia, kabla ya mipaka ya Nairobi kupanuliwa mwaka 1963 na kuiingiza ndani ya mji. Kwa ajili hiyo wako wanachama wetu huko wenye hati za ardhi yao, ingawa vipande vimegawanywa na kugawanywa tena baina ya ndugu, na majumba ya ghorofa yamekuja yakawazibia jirani jua. Mwenye kipande chake, hata kiwe kidogo, aweza kupanda mti akautazamia.

Habari ya Kibera wazee wa Makina mliopo hapa mnaijua kuliko mimi, nami naisema kwa ajili ya vijana. Kibra katika Kinubi maana yake ni msitu. Askari wa Kinubi wa King's African Rifles walianza kukaa hapo mwaka 1904, na mwaka 1918 Serikali ikalitangaza eneo la ekari zaidi ya 4,000 kuwa hifadhi ya jeshi. Askari walipewa ruhusa ya kukaa na kulima, lakini hati hawakupewa. Ndipo mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipopewa hati ya pamoja, nayo ni ya ekari 288. Watu wengi wanaokaa Kibera leo ni wapangaji wa vyumba vya futi 10 kwa 10, juu ya ardhi ya Serikali. Mnakumbuka pia Julai ya mwaka 2018, wakati maelfu ya watu walipobomolewa nyumba zao, na shule pamoja nazo, ili barabara ipite. Katika hali kama hiyo, kumwambia mama wa Laini Saba au Lindi apande mti utakaozaa baada ya miaka mitano ni kumpa deni.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: Kawangware, kwa mwenye ardhi yake au mwenye mapatano yaliyoandikwa, mti. Kibera, gunia, na mti tu ndani ya ua wa shule, msikiti au kanisa ambalo limekubali kwa maandishi kuutunza.

Sasa ni mti gani? Kama mtu ana hamu ya kokwa za kuvunja, iko makadamia. Nayo pia ni mgeni, asili yake Australia, ililetwa hapa Kenya mwaka 1946 na Bob Harries wa Thika. Lakini ni mgeni aliyependa nchi, na leo Kenya ni mmojawapo wa wakuzaji wakubwa wa makadamia duniani. Haihitaji kulala kwa baridi, na kimo cha Kawangware inakistahimili. Tafadhali nunueni mche uliobebeshwa, yaani ambao kikonyo cha mti mama unaojulikana kimeunganishwa juu ya shina la mche wa mbegu. Mche wa namna hiyo huanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 5; wa mbegu tupu waweza kukuweka miaka 7 au zaidi, na hujui utazaa kokwa gani. Mti huu hukua mkubwa, kwa hiyo katika kipande cha kawaida cha Kawangware upande mmoja tu, mbali na ukuta na mbali na shimo la choo. Mizizi yake haiendi chini sana, na upepo mkali huuangusha, basi uwekeeni nguzo miaka ya kwanza. Na jambo ambalo wengi hawalijui: mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi, kama vile DAP, ikitiwa kwa wingi huidhuru mizizi yake. Samadi iliyooza vizuri ni bora.

Mparachichi, ambao wengi wetu tunauita avokado, ni rahisi zaidi na chakula chake hakihitaji nyundo. Aina ya Hass na Fuerte iliyobebeshwa huzaa kuanzia mwaka wa 3 au wa 4. Adui wake mkubwa ni maji yanayotuama, kwani huozesha mizizi, na majani huanza kunyauka kutoka juu kwenda chini hata udongo ukiwa umelowa. Nimewaona watu wakiuona mti wa namna hiyo umenyauka wakazidi kuutilia maji, wakaumaliza. Mahali panapotuama maji, inueni tuta kwanza, ndipo mpande juu ya tuta. Lokwati nayo huota Nairobi bila kubembelezwa, haihitaji nafasi kubwa, na watoto huipenda. Na yule anayetaka tu kuona maua ya jamaa ya mlozi mbele ya nyumba yake, apande mpichi. Kule Limuru kwenye baridi zaidi mipichi huzaa, na hapa kwetu utampa maua na pengine matunda machache. Mimi sioni haja, lakini uzuri nao una haki yake.

Shimo liwe futi 2 kwenda chini na futi 2 kila upande. Udongo wa juu, ulio mweusi, wekeni kando. Uchanganyeni na debe moja la samadi na kuurudisha kwanza. Pandeni mvua za Machi au za Oktoba zinapoanza, si zinapokwisha. Mahali palipounganishwa pabaki juu ya ardhi, kwa maana pakifukiwa, mti mama hupoteza faida yake. Majani makavu yatandazwe kuzunguka mche, lakini yasiguse shina.

Yako malalamiko mawili ninayoulizwa kila wiki juu ya miti ya matunda. La kwanza ni mti usiozaa. Aghalabu mti huo ulitokana na mbegu na bado haujafika umri wake; au umezibwa jua na ghorofa ya jirani, na hapo dawa hakuna. La pili ni matunda yenye funza. Hao ni watoto wa nzi wa matunda, na aina moja mbaya sana kutoka Asia ilionekana mara ya kwanza nchini mwaka 2003, ikaenea upesi. Kunyunyiza sumu mti mmoja wakati jirani ana miti mitatu ni kupoteza fedha. Lililo bora ni kila siku kuokota matunda yaliyoanguka, yote, na kuyafukia futi 2 au kuyafunga ndani ya ndoo yenye kifuniko na kuiacha juani mpaka funza wafe. Zamani tuliwafundisha watu kutumia mfuko mweusi wa plastiki. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Agosti 2017, ndoo kuukuu ndiyo inayotusaidia.

Nakuja kwenye magunia, ambayo kwa haki yangekuwa mwanzo wa mazungumzo haya, kwa kuwa yanalisha watu wengi kuliko miti yetu yote. Bustani ya gunia ilienea sana katika Kibera mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, chakula kilipopanda bei na shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités likawa linagawa miche na mafunzo. Uzuri wake ni kwamba halidai ardhi. Likitakiwa kuondoka, udongo wake huchotwa kwa karai na kujazwa tena mahali pengine, na mwenye ploti hana shaka nalo.

Namna ya kulitengeneza: kunjeni mdomo wa gunia, mweke katikati mkopo mkubwa usiokuwa na kitako, mjaze mkopo kwa kokoto, na kuuzunguka mjaze udongo uliochanganywa na samadi, sehemu 2 za udongo kwa 1 ya samadi. Kisha vuteni mkopo juu, mzijaze kokoto tena, na kuendelea hivyo mpaka gunia limejaa. Ule mhimili wa kokoto ndio mfereji wa maji. Gunia lisilo nao hulowa juu na kukauka chini, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya magunia kufa. Toboeni matundu ubavuni na mpande humo miche ya sukuma wiki, na juu mpande managu au mchicha. Mchicha huchumwa baada ya wiki 4 hadi 6. Chumeni majani ya chini, muache kilele.

Wenye kulalamika kwamba sukuma yao ni ya manjano na nyembamba, nawaomba watazame juu kabla ya kutazama chini. Mara nyingi ni bati la jirani linalozuia jua. Mboga za majani zahitaji jua la saa 5 au 6 kila siku. Geuzeni gunia robo mzunguko kila baada ya siku chache, na kila upande utapata zamu yake. Kama jua liko, basi samadi imekwisha nguvu. Ongezeni kila msimu.

Vidukari, wale wadudu wadogo wa kijivu wanaokusanyika chini ya jani, hufa kwa maji ya sabuni ya kawaida: kijiko kidogo kwa lita moja, hunyunyizwa jioni, chini ya jani si juu yake, na kurudiwa baada ya siku 4. Nawasihi sana akina mama msinunue sumu iliyopimwa kwenye chupa za soda isiyokuwa na karatasi ya maelezo. Mboga mnachuma kila siku ya tatu. Sumu nyingine hutaka majuma mawili kabla ya kula.

Juu ya maji nitasema wazi, hata kama baadhi yetu hatutafurahi. Jerikeni inauzwa, na mtaro unapita bure. Lakini maji ya mtaro wa Kibera yana uchafu wa vyoo, na sukuma iliyonyweshwa hayo huleta homa ya matumbo nyumbani kwa mwenyewe na kwa aliyeinunua. Maji yaliyooshea mchele na mboga ni mazuri. Maji ya kufulia yenye dawa ya kung'arisha nguo yasitumike. Kwa gunia moja lita 5 kwa siku hutosha katika kiangazi. Udongo nao usichimbwe karibu na gereji, wala mahali palipochomwa betri na nyaya, kwa kuwa risasi iliyomo haionekani wala haioshwi, na mtoto huila ndani ya mboga. Wenye mashaka kule Kawangware wasiende mbali: maabara ya KALRO Kabete, karibu na Waiyaki Way, hupima udongo kwa malipo.

Wengine wameniuliza kama askari wa kaunti wanaweza kuyamwaga magunia. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015, kwa hiyo kulima mjini si kosa kwa jina lake tu. Sheria hiyo haimpi mtu njia ya watu wote, wala ukingo wa mto, wala hifadhi ya reli. Gunia likiziba njia, litaondolewa, na kwa haki.

Bwana Mwenyekiti, naomba basi mkutano uyafikirie haya yafuatayo juu ya mfuko. Sehemu kubwa iende tawi la Kibera, kwa magunia, samadi, na tangi moja la maji lenye mfereji wa bati, liwekwe katika ua wa mojawapo ya shule zitakazokubali. Tawi la Kawangware linunuliwe miche ya makadamia na parachichi iliyobebeshwa, kwa idadi ya wanachama watakaoonyesha hati au mapatano yaliyotiwa sahihi na mwenye ardhi, wala isizidi hapo. Miche inunuliwe katika kitalu kilichoandikishwa na kukaguliwa, na risiti iletwe kwa Mweka Hazina. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Karani wetu amekubali kuandika mfano wa mapatano kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, unaosema mti ni wa nani, matunda ni ya nani, na mpangaji akihama atalipwa nini. Nakala zitakuwa ofisini. Naomba wazee wa matawi yote mawili waupitie kwanza, kwa sababu wao ndio watakaoitwa siku ya ugomvi.

Juu ya muuzaji wetu, akirudi aambiwe kwa adabu kwamba Chama kimenunua kwingine. Miche yake ya mfano arudishiwe, isipokuwa ule mkungu. Mwanachama mmoja ana dada yake Likoni aliye tayari kuupokea, na basi la Ijumaa litaubeba.

Na kwa wale watakaopata miche iliyobebeshwa: itakuja na utepe wa plastiki umefungwa mahali pa kiungo. Ukisha kushika vizuri na kuchipua, ukateni utepe huo kwa wembe, polepole, upande mmoja. Ukisahauliwa hukaza shina, na mti hukatika hapo upepo wa kwanza ukivuma.